Tundu Alilolishona Kidawa

Sogea hapa. Sogea kidogo tena, usimkanyage mwenzio. Umekaa? Haya, fungua masikio, hadithi inapita.

Palikuwa na msichana mdogo, jina lake Kidawa. Alikuwa mdogo kweli, lakini mikono yake! Mikono ya Kidawa haikujua kutulia.

Mama yake alikuwa fundi wa nyavu. Si nyavu za magoli ya mpira, hapana. Nyavu za meli, zile kubwa za kuvulia kambamiti.

Walikaa karibu na mahali ambapo mto Rufiji unaingia baharini. Maji ya hapo ni ya tope, rangi ya chai ya maziwa. Kambamiti wanalipenda tope hilo sijui kwa nini.

Meli hukokota wavu chini kabisa, kwenye tope. Mawe huukwaruza. Kaa naye huung'ata, kwani kaa ana adabu? Wavu unarudi bandarini umechanika vibaya.

Nani ataushona? Mama Kidawa!

Mama Kidawa hakupenda tundu. Akiliona tundu, anakunja uso kama aliyelamba ndimu.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," anasema. Kisha anachukua sindano yake pana ya nyavu.

"Tundu liko wapi?"

"Liko hapa!"

Choma, vuta, kaza! Choma, vuta, kaza!

Kidawa naye alikuwa na sindano yake, ndogo kidogo. Siku zisizo za shule alikaa na mama chini ya paa la bati. Mama alishona matundu makubwa, Kidawa alishona madogo.

Asubuhi moja, wavu mkubwa ulikuwa umetandazwa sakafuni. Ulikuwa wavu wa meli iitwayo Subira. Meli yenyewe ilikuwa gatini, inangoja. Du-du-du-du, injini ilinguruma.

Mama alisimama, akanyoosha mgongo.

"Kidawa, nakwenda kuchukua uzi dukani. Ukiona tundu lolote, lishone. Sawa?"

"Sawa, mama."

Kidawa akatambaa juu ya wavu. Akatafuta huku, akatafuta kule. Hakuna hata tundu moja. Mama alikuwa ameshamaliza yote, jamani!

Akafika karibu na mkia wa wavu. Hapo aliona kitu kigeni. Lilikuwa duara la chuma lenye nondo zilizosimama kama dirisha la duka. Na juu ya zile nondo... lo!

Tundu! Tundu kubwa! Kidawa angeweza kulala ndani yake, yeye na mto wake. Kipande cha wavu kilining'inia hapo kama shati lililochanika.

"Mama hakuliona hili!" Kidawa akanong'ona. Moyo ukamdunda kwa furaha. Akachukua sindano.

Tundu liko wapi? Liko hapa!

Choma, vuta, kaza! Choma, vuta, kaza!

Alishona vizuri sana. Kila fundo alilikaza kwa meno. Alipomaliza, usingejua kwamba hapo paliwahi kuwa na tundu.

"Sitamwambia mama sasa," akajisemea. "Nitamwambia jioni. Atashangaa mwenyewe!"

Hapo ndipo kosa lilipoingia, watoto. Kidawa hakujua. Na wewe usingejua, usijifanye.

Mabaharia wakaja. "Haya, twende, twende!" Wakaukunja wavu, wakaubeba, wakaupakia melini.

Booooo! Subira ikalia. Ikaondoka.

Mama alikuwa amerudi na uzi wake. Akasimama kando ya Kidawa, akapunga mkono. Alikuwa anatabasamu peke yake.

"Leo kasa wana bahati," akasema.

"Kasa?" Kidawa akauliza.

"Ndiyo, kasa. Hukuliona lile tundu kubwa juu ya nondo? Ule ni mlango wao. Hapa kwetu, wavu ule ndio wa kwanza kuwekwa mlango."

Kidawa akaificha sindano yake nyuma ya mgongo.

"Kambamiti ni wadogo," mama akaendelea. "Wanapita katikati ya nondo, wanaingia kwenye mkia wa wavu. Lakini kasa ni mkubwa. Akizigonga nondo, anateleza juu, anatokea mlangoni. Huyooo, anakwenda zake!"

"Na... na kama mlango umefungwa?"

"Kasa si samaki, mwanangu. Anavuta hewa kama mimi na wewe. Asipopanda juu kupumua, anakufa."

Kidawa akaitazama meli, akawaza.

Nikisema, mama atanigombeza. Nisiposema, kasa atakufa. Nikisema... nisiposema...

Kule mbele, meli ilizidi kuwa ndogo.

"Mama," Kidawa akasema, na machozi yakamtoka. "Lile tundu nimelishona."

Mama akafungua mdomo. Akaufunga. Unamjua mama akinyamaza? Afadhali apige kelele!

"Lote?" mama akauliza.

"Lote. Nimekaza kwa meno."

"Yarabi!" Mama akamshika mkono. "Twende!"

Wakakimbia hadi ofisi ya bandari. Mama akaishika redio.

"Subira, Subira! Msishushe wavu! Nahodha Pazi, unanisikia?"

Kwaaaaa, redio ikajibu.

"Nahodha Pazi! Msishushe wavu!"

Kwaaaaa.

Nahodha Pazi ndiye mkubwa wa meli ile. Lakini injini yake ina kelele kushinda ngoma ya harusi. Angesikia wapi?

Kidawa akasimama dirishani, akaitazama bahari. Huko chini kwenye tope, labda kasa alikuwa anaogelea, hana habari.

"Bana pumzi, kasa," akanong'ona. "Bana, bana, tunakuja!"

Nje, mjomba Shomvi alikuwa ndani ya boti yake. Mjomba Shomvi ni kaka yake mama. Alikuwa anakula muhogo wa kuchoma, ametulia kabisa.

"Kaka, washa mashine!" mama akaita.

"Ala! Hata salamu hakuna? Niacheni nimalize muhogo wangu."

"Shikamoo mjomba nimeshona mlango wa kasa na meli imeondoka!" Kidawa akasema yote kwa pumzi moja.

Mjomba akautazama muhogo. Akamtazama Kidawa. Akautia muhogo wote mdomoni.

"Fandeni," akasema. Alitaka kusema "Pandeni", lakini mashavu yalikuwa yamejaa.

Mama akamvalisha Kidawa jaketi la kuokolea. Akafunga mikanda yote, akaivuta, akaivuta tena.

Vruuuum! Boti ikachomoka.

Pwaa! Wimbi la kwanza. Pwaa! Wimbi la pili. Maji ya chumvi yakamwingia Kidawa machoni.

"Kaa chini! Shika hapo!" mama akapiga kelele.

"Mama, wavu uko juu au uko chini?"

Mama akakinga jua kwa mkono. Nyuma ya meli aliona nyaya mbili. Zilikuwa zimenyooka, zimeingia majini.

"Uko chini," akasema polepole.

Kidawa akafumba macho.

"Bana pumzi, kasa! Bana, bana, tunakuja!"

Pwaa! Pwaa! Pwaa!

Boti ikaikaribia meli. Loo, meli ilikuwa ndefu kama ukuta.

"Oooi! Nahodha!" mama akaita.

Du-du-du-du, injini ikajibu. Hakuna aliyetokea.

Mama akavua kanga yake ya juu, akaipunga. Hakuna aliyetokea.

Mjomba Shomvi akachukua ndoo ya bati. Akaigeuza, akaipiga kwa kasia. Pa! Pa! Pa! Kidawa naye akapiga kelele hadi sauti ikakauka.

Kichwa kikachungulia huko juu. Kilikuwa na kofia nyekundu.

"Nani huyo anapiga ndoo kwenye bahari yangu?"

Ni Nahodha Pazi!

"Pandisha wavu, Nahodha!" mama akalia.

"Mama Kidawa, umepatwa na nini? Wavu ndiyo kwanza umeshuka! Nikiupandisha sasa, kambamiti watatawanyika wote!"

"Nakuomba, Nahodha!"

"Mabaharia wangu wana watoto, watakula nini?"

Basi Kidawa akasimama. Mama akamshika jaketi kwa nyuma.

"Shikamoo, Nahodha," Kidawa akasema.

Nahodha akashtuka. Nani awezaye kukataa shikamoo?

"Marahaba," akajibu.

"Ni mimi. Nimeushona mlango wa kasa. Nilidhani wavu umechanika. Kasa akiingia, hatoki."

Nahodha Pazi akamtazama. Du-du-du-du. Meli bado ilikuwa inakokota wavu. Du-du-du-du.

Kisha akageuka, akapaza sauti. "Simamisha meli! Pandisha wavu!"

Winchi ikaanza kuzivuta nyaya. Grrr... grrr... grrr... Polepole. Polepole mno! Kidawa, mama na mjomba walishapanda melini, na winchi bado ilikuwa inavuta. Kidawa alitamani kuisukuma kwa mikono yake.

"Bana pumzi, kasa. Bana, bana, tumeshafika."

Grrr... grrr...

Yakatokea maboya. Likatokea tope. Ukatokea mkia wa wavu, una kambamiti wachache na kaa mmoja mwenye hasira.

Na pale kwenye nondo, pale pale aliposhona Kidawa, palikuwa na kitu kikubwa cha mviringo.

Kasa.

Hakutikisika.

Nahodha Pazi akachomoa kisu. Kra, kra, kra, akakata uzi wa Kidawa. Mabaharia wakamtoa kasa, wakamshusha taratibu.

"Alale kwa tumbo," Nahodha akasema. "Mwinueni nyuma, maji yamtoke."

Wakaweka tairi kuukuu chini ya miguu yake ya nyuma. Maji yakamtoka puani, tiriri, tiriri. Mama akalowesha kanga yake, akamfunika mgongo ili jua lisimchome.

Injini ilikuwa imezimwa. Mjomba Shomvi alisimama na ndoo yake, hajui aiweke wapi.

"Amekufa?" Kidawa akauliza.

"Ngoja," Nahodha akasema. "Ngoja kidogo."

Kidawa akapiga magoti.

"Vuta pumzi, kasa. Vuta, vuta, tuko hapa."

Kimya.

"Vuta pumzi, kasa. Vuta, vuta, tuko hapa."

Kimya.

Je, jicho limetikisika? Au ni kivuli tu?

"Vuta pumzi, kasa. Tafadhali. Vuta!"

Ffffuuuuh!

Kichwa kikainuka! Pumzi ikatoka, na harufu yake, jamani, usiulize! Kidawa hakujali. Alicheka, akalia, akacheka tena. Mama naye alikuwa anajifuta macho kwa mkono.

Hawakumtupa majini mara moja. Walimngoja apate nguvu. Wakamngoja mpaka akaanza kupiga sakafu kwa mapezi yake. Pata! Pata! Pata!

"Huyu sasa anatudai njia," Nahodha akasema.

Wakamteremsha taratibu. Chubwi! Mgongo wake ukaonekana kidogo kwenye maji ya tope. Kisha haukuonekana tena.

Nahodha Pazi akakitazama kisu chake.

"Nani aliyekaza mafundo yale? Kisu changu kimekuwa butu!"

Kidawa akainamisha kichwa.

"Ukikua, njoo unifungie meli gatini," Nahodha akasema. "Haitachomoka hata kwa dhoruba."

Mabaharia wakacheka. Kidawa naye akacheka kidogo, kidogo tu.

Kisha akakaa kwenye wavu, akaanza kutoa vipande vya uzi vilivyobaki. Mama alitaka kumsaidia. Kidawa akakataa. Alivitoa vyote mwenyewe, vidole vikawa vyekundu.

Akakisukuma kile kipande cha wavu. Kikafunguka. Akakiachia, kikajifunga. Akakisukuma tena, kikafunguka.

"Mlango unafanya kazi," akamwambia Nahodha.

"Na kambamiti wangu je? Wameshakimbia."

"Pole, Nahodha."

"Watarudi," Nahodha akanung'unika. "Hawana kwao kwingine."

Wavu ukashuka majini tena, mlango wake ukiwa huru. Na boti ya mjomba ikawarudisha nyumbani, safari hii polepole.

Mama hakusema mengi njiani. Walipofika nyumbani, akamwogesha Kidawa chumvi yote. Akampa uji. Bado hakusema mengi.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nilikasirika," mama akasema. "Kisha nikaogopa kuliko nilivyokasirika. Na mimi nimekosea, mwanangu. Nilikuambia ushone, sikukuambia habari ya mlango."

"Mimi sikuuliza."

"Basi siku nyingine uulize. Uulize hata kama nimechoka. Hata kama nimeshika uzi kwa meno."

Jua likazama. Kidawa akapanda kitandani, mama akamshushia chandarua. Akachomeka upande huu chini ya godoro, akachomeka na upande ule.

"Yule kasa sasa anafanya nini, mama?"

"Anaogelea. Akichoka, anapanda juu kupumua. Kisha anashuka tena."

Kidawa akatulia. Mama akadhani amelala. Akaanza kuondoka kwa kunyata.

"Mama!"

"Nini tena?"

"Chandarua kina tundu. Hapa, karibu na mguu wangu."

"Mmh."

"Ni la kushona? Au ni mlango wa mtu?"

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Alicheka kicheko chote ambacho hakukicheka tangu asubuhi.

"La kushona, mwanangu. Mbu hatujamwekea mlango."

Mama akaenda kuchukua sindano mbili na uzi mwembamba. Aliporudi, Kidawa alikuwa amelala usingizi mzito, mguu umeziba tundu, anavuta pumzi na kuitoa, anavuta na kuitoa. Mama akakaa kando ya kitanda akimsikiliza, mpaka giza likaingia.